Nipo Leipzig mwaka wa pili: mnaotaka kuja kusoma Ujerumani, someni hapa kabla hamjauza kiwanja

Mtoto wa Pangani

Wakuu, habari za jioni. Huku ni saa kumi na nusu tu na nje giza linaingia, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Kila wiki napata jumbe za pembeni, maswali yaleyale. Chuo ni bure kweli? Boksi, yaani vibarua, lipo? Nikija nitalala wapi? Kujibu mmoja mmoja nimechoka. Naweka yote hapa, mwenye swali aulize hadharani ili na mwenzake asome.

Leipzig iko mashariki ya Ujerumani, jimbo la Saksonia. Watu wake ni laki sita na kitu. Kwa aliyetoka Dar yenye watu zaidi ya milioni tano huo ni mji wa kumaliza kwa baiskeli, na kweli naumaliza kwa baiskeli. Lakini una tramu, zile treni za barabarani, una chuo cha tangu mwaka 1409, na una stesheni kuu ambayo siku ya kwanza nilisimama ndani yake na begi langu nikitafuta paa linaishia wapi. Sikuuchagua. Niliomba Berlin wakanikataa, Leipzig wakanikubali, nikaja nimenuna. Leo ukinipa Berlin nakurudishia.

Sababu ni hesabu. Ili upate viza, ubalozi pale Umoja House unataka uthibitisho wa pesa ya kuishi mwaka mmoja, na tangu Septemba 2024 kiasi chenyewe ni euro 11,904. Wengi wanaziweka kwenye akaunti ya kufungia ambayo Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Ni zaidi ya milioni thelathini za kwetu. Hapo ndipo viwanja vinapouzwa na wajomba wanapoitwa kikao. Pesa inabaki yako, ila hupewi kwa mkupuo: kila mwezi inadondoka 992. Ukizidisha kwa shilingi unajiona waziri. Subiri tarehe moja.

Mimi chumba nalipa 330, humo humo joto na maji. Bima ya afya inakaribia 150, na haikwepeki, bila bima chuo hakikusajili. Tozo ya redio na televisheni ni 18.36 kwa kila nyumba kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Sisi tuko watatu, tunagawana. Simu 10. Chakula 200 kama unapika, na ninapika. Halafu kila muhula kuna mchango, si ada ya masomo, na ndani yake mna tiketi ya tramu, mabasi na treni za mikoa nchi nzima. Nikimaliza yote nabaki na mia mbili na kitu mkononi. Jamaa niliyesoma naye digrii ya kwanza yuko Munich: chumba peke yake 720, tena kama kabati. Pesa ya ubalozi ni ileile kwetu sote wawili.

Mnaosema Ujerumani chuo bure, ongezeni neno: mahali pengi. Programu yangu haina ada ya masomo, lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Angalieni jimbo kabla ya chuo.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Mnatafuta chuo, mnatafuta pesa, mnatafuta koti. Nyumba mnasema mtajua hukohuko. Ndugu zangu, nyumba ndiyo viza ya pili.

Ukihamia unatakiwa ndani ya wiki mbili ukajisajili ofisi ya mji. Wanaita Anmeldung. Unakwenda na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unaishi kwake. Namba ya kodi ya mapato inakuja kwa posta kwenye anwani hiyo, kibali cha kukaa kinaanzia kwenye anwani hiyo, na mwajiri anataka hiyo namba. Mimi nilifika mwisho wa Septemba nikalala kwenye kochi la Mkenya mmoja, Mungu ampe umri mrefu, wiki tano. Kochi nilipata, saini sikupata: mkataba wake haukuruhusu mtu wa pili. Wiki tano nipo Ujerumani na kwa karatasi sipo.

Katikati ya wiki hizo nikanusurika kutapeliwa. Tangazo: chumba kikubwa, katikati ya mji, 280. Mwenye nyumba anasema yuko London kikazi, nimtumie amana na kodi ya mwezi wa kwanza, funguo zitakuja kwa posta. Nilikuwa nimeshaanza kuandika namba za akaunti Mkenya akaninyang'anya simu. Hujaingia ndani, wewe au mtu wako, hutumi hata senti.

Wanafunzi wengi tunagawana nyumba, na walioko ndani wanakuhoji kabla hawajakuchukua. Nilihojiwa nyumba kumi na moja. Ya kwanza nilivaa tai. Wakaniuliza napika nini, nikikasirika nakuwaje. Mimi nikawaeleza matokeo yangu ya chuo. Hawakunipigia. Ya kumi na moja mvua ilinikuta njiani, nikafika kama kuku. Wakanipa chai, tukapiga stori, nikainuka nikaosha kikombe changu na vyao nikaondoka. Usiku uleule wakanipigia. Baadaye msichana mmoja wa pale aliniambia ni vile vikombe.

Nikahamia usiku. Nabonyeza swichi, kimya. Natazama juu, darini hakuna taa, kuna nyaya mbili zinaning'inia. Mjerumani akihama anang'oa taa yake anaondoka nayo, na mapazia, na wengine hata jiko. Nilitandika kanga ya mama sakafuni kwa mwanga wa simu.

Asubuhi wenzangu wakaniambia niandike jina langu kwenye sanduku la barua. Nikasema nitaandika kesho. Kadi yangu ya bima ilirudi ilikotoka mara mbili, maana kwa tarishi wao asiye na jina sandukuni hayupo. Nchi hii, pamoja na viwanda vyake vyote, inaishi kwa barua za karatasi.

Naenda kusonga ugali. Ulizeni.

Mkaa Feri

Nimekaa mbele kabisa. Uzi bila picha ni chai bila sukari, tupia hata ya hizo nyaya.

Kigogo Mpole

Mkuu unazunguka mbuyu. Sema boksi linalipa shingapi tuchape lapa.

Mtoto wa Pangani

Kigogo, nilijua utakuja. Kwa viza ya mwanafunzi unaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kima cha chini mwaka jana kilikuwa euro 12.82 kwa saa, Januari hii ya 2026 kimepanda kuwa 13.90. Kazi zipo. Uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle ndiko DHL wana kituo chao kikubwa cha mizigo, ndege zinashuka usiku kucha, na kandokando ya mji kuna maghala mengine. Mimi nilibeba boksi ghala moja, zamu ya saa nne usiku mpaka alfajiri, miezi minne. Pesa niliiona. Mama alimaliza kuezeka. Na mtihani wa takwimu nikapata 5.0.

Nifafanue, maana kwetu 5.0 watu wanachinja. Huku 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya kuponea, na 5.0 umeanguka. Nilimtumia dada picha ya matokeo akanijibu kwa vigelegele vya sauti, dakika nzima. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Marudio nilipita kwa 2.7, boksi nikalihamishia likizo. Na jambo ambalo mawakala hawawaambii: kibali kikikaribia kuisha, unaonyesha upya kwamba una pesa ya kuishi kipindi kinachofuata. Kwa hiyo ile 992 si mshahara wa kugawia ukoo. Ukiitafuna na kuituma, mwaka wa pili unarudi kwa wajomba walewale.

Kigogo Mpole

Duh. Basi ngoja nilishe kuku wangu.

Njoki wa Thika

Mimi niko Göttingen, mji mdogo hata kuliko huo, laki moja na kitu, ukirusha jiwe unampiga mwanafunzi. Mnaongea pesa, mnaongea nyumba, mbona hakuna anayetaja lugha? Kozi yangu ni ya Kiingereza, nikajiambia niko sawa. Wapi! Daktari, Kijerumani. Barua ya benki, Kijerumani. Nyanya wa ghorofa ya chini akibisha mlango kuniambia Jumapili hatuwashi mashine ya kufua, Kijerumani, tena cha haraka. Kwenye miji mikubwa unabebwa na wageni wenzako. Huku ukikosa lugha unakaa na Wakenya watatu wale wale hadi mchokane. Mimi nilianza masomo ya jioni nikiwa nimeshapoteza muhula mzima. Anzeni mkiwa nyumbani. Goethe iko Nairobi na hata Dar iko.

Mtoto wa Pangani

Dada Njoki amegonga palepale. Na huku mashariki ongeza hili: watu wazima wengi shuleni, enzi za Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, walifundishwa Kirusi, kwa hiyo Kiingereza chako kwa fundi bomba wa miaka sitini ni kelele tu.

Kichekesho ni kwamba chuoni kwangu kuna Wajerumani wanaosoma Kiswahili. Mmoja, ndevu hadi kifuani, mtu ananizidi miaka sita, aliniamkia shikamoo kwenye foleni ya chakula. Nikaitika marahaba kabla sijafikiri. Nimekuwa mzee wake mpaka leo.

Tena kipindi cha kwanza kilipoisha darasa zima likaanza kugonga meza kwa ngumi. Nikajua mgomo huo, nikashika begi. Kumbe ndiyo makofi yao kwa mwalimu.

Dogo Uyole

Kaka Pangani, shukrani sana. Mimi niko Mbeya, naomba kuanza muhula wa Oktoba, makaratasi nimeshapeleka uni-assist, wale wanaokagua maombi ya wanafunzi wa nje. Maswali mawili. Nina miaka 31, kuna tatizo lolote kwenye bima? Na baridi, unawezaje?

Mtoto wa Pangani

Dogo gani ana miaka 31! Ila umeuliza la maana kuliko wote. Bima ya umma ya bei ya mwanafunzi inakoma ukitimiza miaka 30. Wa umri wako wengi wanaangukia bima binafsi. Huko bei zinatofautiana sana, na zile za rahisi kabisa zinabagua magonjwa na huenda ofisi zisizikubali wakati wa kuongeza kibali. Soma mkataba mpaka herufi ndogo za chini. Usinunue kwa sababu tangazo lina picha ya msichana anacheka.

Baridi ni koti, soksi na viatu vizuri, utazoea. Giza ndilo sikuambiwa. Desemba jua linachomoza saa mbili na dakika kadhaa, saa kumi jioni limekwisha zama, na siku nyingi katikati hapo hulioni hata likiwepo. Mwaka wa kwanza nililala Jumamosi, nikaamka saa tisa mchana, nikaona kunaingia usiku, nikalala tena. Nilidhani malaria. Siku hizi mchana natoka hata kama sina safari, nazunguka bustani ya Clara-Zetkin-Park na baiskeli, na natumia vidonge vya vitamini D. Halafu Juni wanakulipa: saa tatu na nusu usiku bado kweupe, watu wamejaa kando ya maziwa utadhani hawana makwao.

Bi Nyanya Chungu

Mdogo wangu Pangani, umeandika vizuri ila umewapakia sukari. Mimi niko Hamburg mwaka wa kumi na mbili. Huko kwenu Saksonia, uchaguzi wa jimbo wa Septemba 2024, chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilivuka asilimia thelathini ya kura. Waliopiga hawaishi mwezini, unapanda nao tramu. Waambie wadogo zako kwamba siti ya pembeni yao itabaki tupu na behewa limejaa, na kwamba wakiomba chumba kwa jina la kwetu majibu yatakuwa haba. Mtu akiambiwa mapema anajua ni nini. Asipoambiwa anadhani kasoro iko kwake. Mimi mwaka mzima wa kwanza nilikuwa naoga mara tatu kwa siku, nikijua nanuka.

Mtoto wa Pangani

Dada mkubwa, shikamoo. Umenishika pabaya. Nililiruka kwa makusudi kwa sababu mama anasoma humu.

Ya siti nayajua. Mwaka jana mzee mmoja alinipigia kelele ndani ya tramu, nirudi kwetu na mengine, nusu sikuyaelewa. Yule mzee hata sura nimeisahau. Ninachokumbuka ni behewa zima kuinamia simu zao, ila bibi mmoja akahama kiti chake akaja kukaa ubavuni kwangu. Hakusema neno. Akashuka kituo nilichoshuka mimi, na mpaka leo sijui kama kilikuwa kituo chake.

Lakini na mimi nikupinge kidogo. Leipzig na vijiji vya nje yake ni dunia mbili, na ndani ya mji wenyewe mtaa na mtaa. Eisenbahnstraße, ambako 2018 kulitangazwa eneo la marufuku ya silaha, darasani walinionya nisipite usiku. Ndiko ninakonunua unga, bamia na nyama ya mbuzi. Kwa aliyekulia jirani na stendi, pale ni pa kupumzikia.

Na wiki ya pili tu tangu nifike, tarehe 9 Oktoba, nilikuta watu na mishumaa katikati ya mji nikajua kuna msiba wa taifa. Mkenya akaniambia ni kumbukumbu ya 1989, usiku watu 70,000 walipotoka na kuandamana kuzunguka mji kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki, wengine wakitokea kwenye sala za kanisa la Mtakatifu Nikolai, majeshi yamepangwa, na risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulikuwa wazi. Mji ni huohuo, dada. Bado sijaumaliza.

Bi Nyanya Chungu

Marahaba mwanangu. Hapo sasa umeandika. Na mwambie mama yako tupo.

Wa Kikwajuni

Assalaam aleikum jamaa. Mie nakaa Grünau, magharibi ya mji huohuo wa Leipzig. Siku ya mwanzo nilipoteremka kwenye tramu nilicheka peke yangu. Majumba ya zege, marefu, madirisha yote sawasawa: Kikwajuni na Michenzani za kwetu Zanzibar mtupu, khanga za kuanikwa kwenye roshani tu ndizo hazipo. Baadae nikajua wala si ajabu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ni hawahawa Wajerumani wa Mashariki waliosaidia kutujengea zile nyumba za Kikwajuni. Na Grünau yao wenyewe wameanza kuijenga 1976. Kwa hivyo sie tulitangulia.

Wenzangu wa chuo wanaiona Grünau mbali na tena ya watu wanyonge. Mie kodi yangu ndogo kuliko zao, na ziwa la Kulkwitz lipo hapo nyuma, joto likija nakwenda kuogelea. Dogo Uyole ukikosa vyumba vya katikati usiikimbie.

Mkaa Feri

Chakula mmekipita juujuu. Mnakula nini siku za kawaida?

Mtoto wa Pangani

Unga mweupe wa mahindi upo maduka ya Waafrika. Ukikosa kuna semolina ya ngano, inasongeka, ila usimwambie mtu. Tui la kopo nanunua kwa Wavietnamu, ambao wengi waliletwa viwandani kwa mikataba enzi za Ujerumani Mashariki, wakabaki. Mchana nakula kantini ya chuo, bei nafuu, viazi kwa namna zote alizoumba Mungu. Jumapili maduka yamefungwa nchi nzima. Ukisahau Jumamosi unakwenda stesheni kuu kupanga foleni na wasahaulifu wenzako. Na chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 kila moja ukizirudisha kwenye mashine ya dukani. Mwisho wa mwezi mimi huwa natembea na mfuko wangu wa chupa bila aibu, ni kilo ya mchele ile.

Dogo Uyole

(miezi minane baadaye)

Wakuu, nafufua uzi. Viza imegongwa wiki iliyopita! Nilianza Kijerumani mwezi wa pili kama dada Njoki alivyosema, nimefika pa kuomba mkate na kulalamika mvua. Bima nimesoma herufi ndogo zote, nikabadilisha mara mbili. Chumba nimepata Grünau, ghorofa ya nane, karatasi ya usajili mwenye nyumba amekubali kusaini, nahamia tarehe 1 Oktoba. Kabla sijatuma amana kaka Wa Kikwajuni alikwenda akaingia ndani kwa niaba yangu, akanionyesha kila kona kwa video. Sina cha kumlipa.

Mtoto wa Pangani

Hongera sana mdogo wangu wa miaka 31. Kwenye video, darini uliona nini?

Dogo Uyole

Darini? Sikuangalia darini.

Wa Kikwajuni

Nyaya mbili. Nnayo taa yangu ya zamani nitamletea. Ngazi ndiyo hatuna.